Wiki Niliyompandisha Sindano

Jumatatu, 4 Agosti

Siku mbaya. Mwenyekiti wa klabu ameteremka leo mpaka ofisini kwetu, jambo ambalo halijapata kutokea tangu niajiriwe. Ofisi ya timu ya vijana iko chini ya jukwaa, mwisho wa ngazi, karibu na bomba linalovuja. Mtu haji huku ila amepotea au ameghadhibika. Mwenyekiti hakuwa amepotea.

Nikasimama kwa heshima. Kiti kikaanguka. Nikakiinua, kikaanguka tena. Akaniambia nikiache kilale, huenda kimechoka.

Aliyoyasema ni haya. Kila mwaka vijana wanafundishwa, wanalishwa, wanafuliwa jezi, na kikosi cha kwanza hakijaona hata mmoja wao. Shamba gani hili, akauliza, linalimwa kila msimu na halivunwi? Sikujua kama anataka jibu. Nikamwamkia kwa mara ya pili. Basi akatoa hukumu. Jumamosi kuna mechi ya kirafiki, ya mwisho kabla ya ligi. Kama Kocha Mkuu hatamchezesha hata kijana mmoja wa kwetu, timu ya vijana inafungwa. Kiwanja chetu kitakuwa maegesho ya magari. Kocha wetu atapumzishwa. Mimi, karani wa ofisi hii, nitapelekwa geti la mashabiki.

Geti la mashabiki! Mimi! Mtu ambaye nikisikia filimbi, hata ya mtoto, natoa kitambulisho! Karani aliyesimama pale msimu uliopita alisukumwa siku ya fainali, na mpaka leo hutembea shingo upande kama anayesikiliza redio ya jirani.

Nimempelekea kocha wetu habari hizi. Tunamwita Mwalimu, maana zamani alifundisha shule ya msingi, na hata sasa mchezaji akitaka kusema lazima anyooshe mkono. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema "Aa," akaenda kupanga koni. Anasema dawa ya mpira ni mazoezi. Mtu mwema sana, ila hana mkakati.

Mkakati ninao mimi. Nina cheti cha utawala, chenye mihuri miwili.

Mtu wetu ni Sindano. Winga wa kushoto, ana miaka kumi na saba, mwembamba hivi kwamba ukimtazama kwa ubavu unamkosa. Lakini mpira ukimfika mguuni, hata mbwa wa mlinzi huacha kubweka. Naye yamemfika shingoni kama mimi. Baba yake mdogo, fundi wa kuchomelea, amemwambia huu ndio msimu wa mwisho wa kuchezacheza. Asipopanda, Jumatatu ijayo anaingia karakana kuchomelea mageti. Baba mdogo hana utani. Ovaroli tayari imetundikwa msumarini ikimngojea.

Yeye kutengeneza mageti, mimi kusimama getini. Ndiyo maana nasema tuko pamoja.

Kikwazo ni kimoja. Winga ya kushoto ya kikosi cha kwanza ina mwenyewe, naye ni Waziri. Si waziri wa serikali. Ni jina la utani, kwa sababu hutembea mikono nyuma, na akipoteza mpira huwatazama wenzake kama anayengoja maelezo. Miguu imeanza kuzeeka, lakini nafasi haijamtoka.

Jioni Shangazi, ambaye ninaishi kwake, aliniuliza mbona napekuapekua chakula kama kuku. Nikamweleza yote. Akauliza mtoto huyo anajua kucheza? Nikasema sana. Akasema basi mwache acheze.

Shangazi hajasomea utawala.


Jumanne, 5 Agosti

Nimepata siri kubwa! Imetoka kwa Kufuli, mtunza vifaa wetu. Tunamwita hivyo kwa kuwa hufunga kila kitu, hata ndoo ya kudekia. Kufuli hanipendi. Huniita "Msomi" kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa. Juzi nilipoomba pampu ya kujazia mipira aliniuliza mwenye cheti anataka upepo wa nini, kwani alionao hautoshi? Sikumjibu. Jibu lilinijia usiku nikiwa kitandani, nalo lilikuwa zuri sana, lakini sikuthubutu kulipeleka asubuhi.

Sasa leo Kufuli amepayuka mlangoni pangu kwamba Kocha Mkuu anataka wachezaji wenye kimo.

Sindano hana kimo. Kimo hutengenezwa!

Nilichukua kandambili za zamani za Shangazi, zilizokuwa zimekaa tu nyuma ya mlango, nikazikata kwa mkasi wa ofisi kufuata umbo la wayo, nikazipanga ndani ya viatu vya mpira vya Sindano, tabaka juu ya tabaka. Akaniuliza kaka karani, hivi ni vya nini? Nikamwambia ni utaalamu. Akavaa bila neno jingine. Ni mtoto mwenye adabu sana, hilo ndilo linalonipa moyo.

Akasimama. Mrefu! Si mrefu wa kutisha, lakini mtu mwenye nia njema angeona tofauti.

Tatizo likawa kutembea. Alikwenda kama kuku aliyekanyaga majivu ya moto. Krosi ya kwanza akaikosa, akaipiga ardhi, ardhi ikashinda. Na wakati huohuo nani anapita kuelekea kwenye gari lake? Kocha Mkuu! Mtu huyu hupita kando ya kiwanja chetu kila siku kama anayepita msiba wa watu asiowajua. Leo akasimama. Moyo wangu ukaruka kamba. Alitazama kwa muda, akamwita Mwalimu, akamuuliza yule mtoto anaumwa nini. Akaagiza atolewe mazoezini, aonwe na daktari wa timu.

Daktari akamvua kiatu kimoja. Akatoa kandambili. Akatoa kandambili. Akatoa kandambili. Akauliza kama kuna mtu mwingine bado yumo humo ndani.

Sindano hakunitaja. Alisema miguu yake husikia baridi. Mwalimu akanitazama kwa muda mrefu, nami nikatazama dari. Dari ya chumba cha daktari ina madoa mengi yanayofaa kutazamwa.

Siku nzima ya mazoezi imepotea. Na kumbe maneno yote ya Kocha Mkuu yalikuwa haya: anataka mabeki wenye kimo. Mabeki! Kufuli alikata sentensi kama mimi nilivyokata kandambili.

Nyumbani nilimkuta Shangazi anatafuta kandambili zake. Nikamsaidia kutafuta. Nilitafuta kwa bidii kuliko yeye mwenyewe, mpaka chini ya friji, mpaka akanihurumia akasema basi mwanangu, zilikuwa kuukuu.


Jumatano, 6 Agosti

Kila Jumatano kikosi cha kwanza hucheza na vijana wetu mechi ya mazoezi. Ndiyo nafasi pekee ya Kocha Mkuu kuwaona, ingawa kwa kweli huwatazama wa kwake tu, na vijana wetu kwake ni kama koni zinazosogea.

Nikawaza: kocha gani duniani hasikii jukwaa? Jukwaa likiimba jina la mtu, shingo lazima igeuke. Kilichohitajika ni jukwaa.

Nilimwomba Shangazi aje na wenzake wa kikundi cha kufuma vitambaa. Mwanzoni alikataa. Nilipomwambia jukwaani kuna kivuli na viti vya bure, akasema atawauliza. Walikuja wote. Walikuja na miavuli, na nyuzi, na chupa za chai, wakakaa mstari mmoja kama baraza la wazee. Niliwaelekeza mara mbili, kwa adabu: yule kijana mwembamba wa timu ya njano akigusa tu mpira, wapaze sauti "Sindano!" Kisha nikajificha nyuma ya nguzo. Mtu makini haonekani na mkakati wake.

Sindano akagusa mpira. Kimya. Jukwaa lilikuwa linahesabu mishono.

Akagusa tena, akampiga mtu chenga nzuri mno. Kimya. Mmoja wao alikuwa anamwonyesha mwenzake uzi wa zambarau.

Halafu Waziri akakosa pasi nyepesi, ya mtoto wa chekechea. Mpira ukapita katikati ya miguu yake ukatoka nje, na baadhi ya wenzake wakacheka. Akasimama peke yake pembeni, mikono kiunoni, kichwa chini. Hapo ndipo Shangazi alipoinuka. Shangazi yangu! Akaweka ufumaji chini, akapaza sauti ambayo nadhani ilisikika sokoni: usijali baba! Inua kichwa hicho! Sisi tupo! Na wenzake nyuma yake, vigelegele!

Waziri akageuka kama mtu aliyeitwa jina la utotoni katika mji wa ugenini.

Akakimbia. Naapa alikimbia! Alipiga krosi ikazaa bao, akapiga nyingine ikagonga mwamba. Kisha akarudi kukaba, jambo ambalo hata mke wake hajawahi kuliona, na aliyemkaba ni nani? Sindano. Kila Sindano alipopata mpira, Waziri alikuwa tayari yupo pale kama mlango, na vigelegele vikapanda. Filimbi ya mwisho ilipolia alikwenda mpaka chini ya jukwaa, akainama, akamwita Shangazi mama.

Kocha Mkuu alisikika akimwambia msaidizi wake kwamba winga ya kushoto haimpi tena wasiwasi.

Nilirudi nyumbani. Nikamuuliza Shangazi kwa nini amemshangilia Waziri. Akasema mtoto wako ana watu wake. Ana wenzake, ana mwalimu wake, ana wewe unayechungulia nyuma ya nguzo kama mwizi wa kuku. Yule mwanamume alikuwa kama hajasalimiwa tangu asubuhi, ningenyamazaje?

Nikamwambia amefunga timu nzima ya vijana kwa mdomo wake. Akaniambia nile kwanza, nitamlaumu nikishiba.


Alhamisi, 7 Agosti

Kufuli ametumwa kupima kiwanja chetu kwa ajili ya magari. Alipita na kamba na chokaa, akichora mistari. Mwalimu alizisogeza koni zake kidogo, vijana wakaendelea kupiga pasi katikati ya maegesho. Kufuli aliniita Msomi, akaniuliza getini nitapenda kusimama upande wa jua au wa kivuli.

Nilimkuta Sindano nyuma ya chumba cha kuvalia akijaribu glavu za kuchomelea. Baba mdogo amempa aanze kuzizoea. Ni kubwa mno. Mikono yake ilionekana kama ya kuazima. Nilimwambia asikate tamaa, mimi nipo. Akasema asante kaka, lakini uso wake ulishtuka.

Nimekaa ofisini nikafikiri mpaka bomba likaacha kunisumbua. Na mkakati umekuja! Tena mkubwa!

Kesho ni mazoezi ya mwisho. Kocha Mkuu atapanga kikosi palepale uwanjani, kama afanyavyo kila Ijumaa: anampa fulana nyekundu kila atakayeanza, na asiyekuwepo na lake halipo. Kama fulana zikigawiwa na Waziri hayupo, itabaki moja, ya winga wa kushoto. Kocha atainua macho atafute mguu wa kushoto. Atatazama upande wetu. Ataona nani?

Kumwondoa Waziri ni rahisi. Waziri hawezi kukataa kupigwa picha. Nitamwita aje kupigwa picha ya kadi mpya ya klabu.

Lakini nikimwita peke yake, watu watauliza mbona yeye tu. Nani kamwita? Karani wa vijana. Ana nini naye? Jasho jembamba linanitoka hata ninapoandika. Lazima nifunike nyayo. Nimepata njia. Sitataja jina la mtu! Nitaita kundi zima la wachezaji, Waziri akiwemo ndani yake, na hakuna atakayejua nilikuwa namlenga nani.

Nimepiga moyo konde. Moyo nao umenipiga.


Ijumaa, 8 Agosti

Nitaandika kwa utaratibu.

Kipaza sauti cha uwanja kiko kwenye kibanda cha matangazo, na ufunguo uko kwa Kufuli. Aliutoa baada ya kunisemesha "tafadhali" mpaka ikamridhisha. Niliingia, nikawasha, nikapiga chafya. Chafya ikatoka pembe zote nne za uwanja. Ndege wakaruka. Karibu nitoroke, lakini nikakumbuka geti, nikasoma nilichokuwa nimeandaa: wachezaji wote wanaotumia mguu wa kushoto wafike sasa hivi ofisi ya timu ya vijana kupigwa picha za kadi. Nikaongeza asanteni. Nikaongeza samahanini.

Nikashuka ngazi mbiombio. Waziri alikuwa ameshafika, nywele zimeloweshwa na kuchanwa, anajitazama kwenye kioo cha dirisha. Wakaja mabeki wawili wa kikosi cha kwanza. Akaja kipa wa akiba. Nikawa nahesabu moyoni fulana zinavyogawiwa kule juu, nikatabasamu. Hata Mwenyekiti mwenyewe angetabasamu.

Kisha akaja Sindano.

Nilidhani macho yananidanganya. Nikamvuta pembeni, nikamnong'oneza anafanya nini huku, arudi kiwanjani haraka. Akasema kaka, si umetangaza wote wa mguu wa kushoto? Nikasema ndiyo, lakini si wewe. Akasema mimi ni wa kushoto, kaka, hata wewe unajua. Nikamwambia apande ngazi. Akasema Mwalimu amewafundisha kwamba tangazo la ofisi halivunjwi. Adabu hii itatuua sote! Waziri akauliza kwa sauti mbona mnamfukuza dogo, yeye hana sura? Ikanibidi nimkalishe kwenye benchi pamoja na wengine.

Na hapo nikasikia hatua ngazini. Nzito, za polepole. Kocha Mkuu.

Nilijua yamekwisha. Kikosi chake kimesimama uwanjani kimepungua watu, na amekuja kumtafuta mwenye kosa. Nikajiegemeza ukutani. Nikaanza kuizoesha shingo.

Kocha Mkuu akauliza foleni inaanzia wapi.

Kumbe naye ni mguu wa kushoto! Tangu enzi zake za kucheza, akasema, na kadi aliyonayo ina picha ya wakati ule alipokuwa na nywele, walinzi wa viwanja vya ugenini humsumbua kila mara. Kugawa fulana kungoje kidogo. Akakaa mwisho wa benchi, akatoa kitana mfukoni. Sijui cha nini.

Sasa kitu ambacho sikuwa nimekipanga ni kamera. Sikuwa na kamera. Nilikusudia Waziri angoje tu, nimzungushe kidogo, halafu nimwambie mpiga picha hajafika. Lakini Kocha Mkuu huwezi kumzungusha! Niliingia ofisini, nikafunga mlango, nikafungua droo, nikafunga droo, nikasogeza meza, ili isikike kwamba matayarisho yanaendelea. Nikatoka na rula, nikapima umbali wa kidevu cha Waziri kutoka ukutani. Akauliza kipimo hicho cha nini. Nikasema mwanga. Nikarudi ndani. Nikaomba dua zote nilizofundishwa utotoni, na moja ya kusafiria.

Huko nje kukawa kimya. Halafu nikasikia: tap. Tap. Tap.

Nikafungua mlango kwa upana wa jicho.

Walikuwa wamechoka kungoja. Kipa wa akiba alikuwa amevua soksi akazikunja zikawa mpira, na mpira huo sasa ulikuwa kwenye mguu wa Sindano, anaupiga danadana kimyakimya. Ile korido yetu watu wawili hawawezi kupishana bila kujuana majina. Upande huu benchi na magoti ya watu, upande ule bomba, chini ya bomba ndoo. Waziri akasema lete hapa, akaingia kumnyang'anya kwa mwili wake wote. Mahali pale hata paka angerudi nyuma. Sindano akaupeleka mpira juu ya ndoo, ukagonga ukuta, ukapita katikati ya miguu ya Waziri, naye akapita ubavuni mwake akaupokea upande wa pili. Hakugusa goti la mtu. Hakumwaga maji. Kocha Mkuu alikuwa amekunja miguu yake chini ya benchi, na kitana kimesimama hewani.

Mabeki wakapiga kelele. Waziri akajaribu tena, akapitwa tena, akaegemea ukuta akicheka mpaka akashika mbavu. Sijawahi kumwona Waziri akicheka. Akasema Kocha, huyu dogo ndiye niliyemkaba juzi, na magoti yananiuma mpaka leo. Juzi nilipata mama wa kunishangilia, nikacheza kama kijana, lakini ukweli wangu ni kipindi kimoja tu. Kipindi cha pili mpe huyu, mimi nikae nimwonyeshe pa kusimama.

Kocha Mkuu akamwangalia Sindano kutoka juu mpaka chini, si safari ndefu. Akauliza wewe si ndiye mgonjwa wa miguu? Sindano akasema nimepona, Kocha. Akauliza siku zote hizi ulikuwa wapi? Sindano akaonyesha kwa mkono kiwanja chetu, kilicho upande wa pili wa ukuta.

Kocha Mkuu akatia kitana mfukoni. Akasema kesho uje na viatu, na ndani yake iwemo miguu tu. Kisha akanigeukia mimi, akasema picha zingoje siku nyingine, mwanga wa huku haumpendezi.

Waliondoka wote. Nikakaa sakafuni. Hapa ndipo ninapoandikia.


Jumamosi, 9 Agosti

Niliitazama mechi nikiwa nyuma ya nguzo, nusu ya muda nikiwa nimefumba macho. Baba mdogo alikuja amevaa nguo za kazi, akakaa mikono kifuani kama aliyeletwa kutoa ushahidi. Shangazi na kikundi chake walikuja bila kuitwa.

Kipindi cha kwanza akacheza Waziri. Kikaisha bila bao. Kipindi cha pili akatoka, akamshika Sindano mabega, akamnong'oneza kitu, akamsukuma uwanjani.

Mpira wa kwanza Sindano aliupoteza. Wa pili alianguka. Mtu jukwaani akauliza huyu mtoto mama yake anajua yuko hapa? Nikaliona geti mbele yangu, na mashabiki wote wanakuja mbio.

Zikiwa zimebaki dakika chache, akabanwa kwenye kona. Mabeki wawili mbele, mstari nyuma, nafasi hakuna. Aliukanyaga mpira, akaugeuza, akapenya pale ambapo hewa yenyewe ingeomba njia, akapiga krosi, mshambuliaji wetu akaimalizia kwa kichwa. Bao!

Baba mdogo aliruka akamkumbatia mtu wa kwanza aliyemkuta, na mtu huyo alikuwa Kufuli. Kufuli alisimama wima mikono imebana, kama mlango uliovunjwa. Mwalimu alitoa leso, akapangusa miwani, akairudisha, akaivua tena.

Baada ya mechi Mwenyekiti akatangaza kwamba timu ya vijana haifungwi, na chokaa ifutwe. Akamshukuru Mwalimu kwa subira. Akamshukuru Kocha Mkuu kwa jicho lake, na Waziri kwa moyo wake. Akawashukuru akina mama wa vitambaa. Akamshukuru Kufuli kwa kuweka kiwanja safi. Mimi alinipa mkono pia, akaniomba niandike vizuri gazetini.

Sikumsahihisha. Nilimwahidi nitaandika vizuri.


Jumapili, 10 Agosti

Sindano amekuja kutusalimu. Baba mdogo amekubali aendelee. Anasema chuma hakiozi, kinaweza kungoja. Shangazi alimkalisha kwenye kiti changu, akamwita mwanangu, akamlisha mpaka mtoto akalegea.

Kisha akaniomba tuzungumze nje. Alitazama chini. Akasema kaka karani, nakushukuru sana, lakini nina ombi, kwa heshima zote. Naomba usinisaidie tena. Wenzangu kule kiwanjani nao wameniomba nikuombe hivyohivyo. Mwalimu pia anakusalimu, amesema na yeye aongezwe kwenye ombi.

Unyenyekevu wa namna hii! Katika umri huu! Nilimshika mkono, nikamwahidi kwamba sitamsaidia tena, akaondoka akiwa mwepesi kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Nimekaa nikapitia mambo yote kwa utulivu, kama tulivyofundishwa kwenye utawala. Bila zile kandambili, Kocha Mkuu asingejua kuna mtoto anaitwa Sindano. Bila jukwaa, Waziri asingepata roho ya kuachia nafasi. Bila tangazo, Kocha asingekaa kwenye benchi lile. Kila kitu kilikwenda kama nilivyokusudia, ila makusudio yalichelewa kidogo kunifikia.

Shangazi, aliponisikia nikijisemea haya, aliweka ufumaji chini akanitazama. Akasema wewe mtoto wa kaka yangu, yule kijana amekuomba nini sasa hivi? Nikamwambia ameomba nisimsaidie. Akauliza na wewe umemjibu nini? Nikasema nimemkubalia. Akasema haya, vizuri, akaokota uzi wake.

Na ahadi ni ahadi. Sitamsaidia tena pale klabuni. Lakini timu ya taifa hakuitaja.

Nimechunguza. Kocha wa timu ya taifa hunyolewa kila Jumatatu asubuhi kwa kinyozi aliye nyuma ya soko, na huko hukaa muda mrefu akipiga soga na wanaongoja zamu. Kesho nitawahi kiti cha jirani. Nywele nilizipunguza juzi tu, hazitoshi kumshughulisha kinyozi, kwa hiyo nitaomba ninyolewe ndevu.

Sina ndevu. Lakini mtu makini hazuiwi na jambo dogo kama hilo.